Siku moja Gombe kwa wenza wawili: namna ya kuipanga safari kuanzia tarehe, boti na msitu hadi sahani ya jioni

Hifadhi ya Taifa ya Gombe haina barabara inayoifikia. Iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma, imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na ukingo wa Bonde la Ufa, na anayetaka kuingia humo hana budi kupita majini. Jambo hilo moja ndilo linaloamua mengine yote ya safari hii: saa ya kuondoka, gharama, mavazi, na hasa chakula, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kibanda cha kununua chapati wala mama lishe wa kukimbilia njaa inapokaza.

Mwongozo huu ni wa watu wawili, wawe wachumba, wanandoa wapya au waliokaa pamoja miaka mingi, ambao wanayo siku moja tu na wangependa iwe siku nzima kweli. Msitu hutoa unachotoa. Sokwe ni wanyama wa porini na hakuna mtu mwaminifu atakayewaahidi kwamba mtawaona. Yanayoweza kupangwa kwa uhakika mkubwa ni ziwa, muda na milo mitatu ya siku hiyo, na ndiyo maana nimeyapa nafasi kubwa kuliko miongozo mingi inavyofanya.

Kuchagua tarehe: mvua, mwezi na samaki

Watu wengi huchagua tarehe kwa kuangalia likizo zao peke yake. Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya likizo.

La kwanza ni mvua. Kigoma hupata mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi kuelekea Mei. Katika miezi hiyo msitu hupendeza, na mara nyingi sokwe hawatembei mbali sana, kwa hiyo huonekana kwa urahisi zaidi; lakini njia za Gombe ni za mteremko mkali, na udongo ukilowa huteleza vibaya. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, miguu hukaa imara na picha hutoka vizuri, ingawa inawezekana mkalazimika kupanda juu zaidi kuwafuata wanyama.

La pili ni uvuvi wenyewe. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Ni hatua njema kwa ziwa, lakini inamgusa moja kwa moja msafiri anayeota migebuka wabichi, kwa sababu uvuvi unapositishwa samaki wabichi huadimika. Kabla ya kulipia chochote, ulizeni kama kuna kipindi cha kupumzisha ziwa katika tarehe mnazozifikiria.

La tatu, ambalo wageni hawalifikirii kabisa, ni mwezi angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa hupanda karibu na uso wa maji giza linapoingia, dagaa huwafuata, na taa za wavuvi huwakusanya wote mahali pamoja. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu yake, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Basi chagueni siku zilizo karibu na mwezi mwandamo: asubuhi mtakuta dagaa wabichi mwaloni, na usiku mtaona taa za vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, zimetanda ziwani mkiwa mezani.

Nikiunganisha yote matatu, chaguo langu ni mwishoni mwa Agosti au mwezi Septemba, katika juma lenye usiku wa giza. Njia ni kavu, ziwa limefunguliwa na samaki wapo.

Boti: ya kukodi, si ya abiria

Boti za abiria zinazofuata mwambao kuelekea kaskazini huondoka Kibirizi, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Ni za bei nafuu, na safari yake ina uchangamfu, kwa maana mtaketi pamoja na magunia, kuku na akina mama wanaorudi vijijini kwao kutoka sokoni. Hata hivyo huondoka mchana na kutumia saa tatu au nne njiani, na za kurudi hupita asubuhi mapema. Kwa ratiba hiyo safari ya siku moja haiwezekani, na mtakaopenda kuzitumia mjiandae kulala Gombe.

Kwa siku moja mnahitaji boti ya kukodi yenye injini, ambayo hutumia muda wa saa moja hadi mbili kulingana na nguvu ya injini na hali ya maji. Inaweza kupatikana kwa kuulizia ofisi ya hifadhi iliyopo mjini Kigoma, kupitia hoteli mliyofikia, au kwa kuzungumza na wenye boti. Bei hutozwa kwa boti na wala si kwa kichwa, kwa hiyo mkipata wenza wengine wawili wenye nia kama yenu gharama itashuka nusu. Nawashauri mfikirie kwa makini kabla ya kufanya hivyo: kila aliyemo kwenye boti atakuwa na sauti kuhusu saa ya kurudi, na wanne wasiofahamiana mara nyingi huishia kuharakishana.

Mnapopatana na nahodha, maelewano yawe wazi na yamalizwe siku moja kabla. Bei iwe imejumuisha mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri. Sehemu ya fedha ilipwe mapema na iliyobaki ilipwe mkisharudi. Iangalieni boti kwa macho yenu, muulize kama kuna turubai la kukinga jua, na mhakikishe kuna jaketi okozi kwa kila mmoja, lenye mikanda inayofunga. Katika hili msioneane haya. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, likizidiwa duniani na Baikal la Urusi peke yake, na upepo ukibadilika mawimbi yake si ya kubezwa. Nahodha akisema asubuhi kwamba ziwa limechafuka na safari iahirishwe, mshukuruni na mkubali.

Vibali na malipo

Sehemu hii ni fupi. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu mkononi. Mtapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa benki au kwa simu. Fanyeni hivyo mkiwa mjini, ambako mtandao ni wa kuaminika. Viwango vya raia wa Afrika Mashariki, vya wageni wanaoishi nchini na vya wageni wa mbali hutofautiana sana, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho cha Taifa au pasipoti. Ulizieni pia ada ya mwongozaji, kwa kuwa hamruhusiwi kuingia msituni bila yeye.

Mafua ya mmoja ni mafua ya wote wawili

Sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na kwao mafua ya kawaida yanaweza kuwa kifo. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapata sokwe wa Gombe. Baadhi walikufa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Tangu hapo magonjwa ya njia ya hewa yamerudi zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu ya barakoa, ya kukaa umbali wa mita 10 au zaidi, na ya kumkatalia mgonjwa kuingia.

Kwa wenza wanaolala chumba kimoja na kunywa kikombe kimoja, kanuni hii ina maana ya ziada: mmoja akianza kukohoa usiku wa kuamkia safari, wote wawili wahesabiwe wagonjwa. Naelewa uchungu wa kupoteza siku iliyolipiwa. Pamoja na hayo nawasihi msijifiche nyuma ya dawa ya kikohozi, kwa sababu jamii ya sokwe iliyobaki Gombe haifiki hata mia mbili, na kifo cha mama mmoja humwacha mtoto asiyeweza kujitegemea kwa miaka mingi.

Chakula cha mchana huandaliwa siku moja kabla

Nendeni mwalo wa Kibirizi asubuhi ya siku inayotangulia safari, mapema, kabla jua halijakali. Wasalimieni wauzaji vizuri; shikamoo kwa mama aliyekaa na beseni lake tangu alfajiri hufungua mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayowapa bei ya haki. Kwa mlo wa mchana tafuteni migebuka, samaki mrefu mwembamba mwenye nyama nyeupe iliyokazana, au kuhe kama wamepatikana, ambao ni wanene zaidi na wana ladha ya kipekee. Angalieni jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi mahali pake ikibonyezwa kwa kidole.

Kama hamna jiko, zungumzeni na mama lishe au na mpishi wa mahali mlipofikia. Wengi hukubali kukaanga samaki mliowaleta kwa malipo madogo. Maelekezo ni haya. Samaki wasafishwe, wachanjwe pande zote mbili, wapakwe chumvi, ndimu na tangawizi iliyotwangwa, wakae kwa muda wa nusu saa, kisha wakaangwe mpaka wakauke vizuri. Samaki aliyekaushwa hivyo huvumilia mpaka mchana wa kesho yake akihifadhiwa kwenye jokofu usiku, ilhali samaki wa mchuzi huchacha mapema na humwagika botini. Wali upikwe alfajiri na kutiwa kwenye hotpoti. Ongezeni viazi vitamu vya kuchemsha, maparachichi na ndizi mbivu. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vibebwe vikiwa vizima pamoja na kisu kidogo, mvikate papo hapo, kwa sababu kachumbari iliyolala kwenye chumvi hugeuka maji matupu.

Kila kitu kikae kwenye vyombo vyenye vifuniko vya kubana, ndani ya kikapu kimoja. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na hata isingekuwa hivyo, mfuko laini haufai mahali penye nyani. Maji ya kunywa yasipungue lita mbili kwa kila mtu.

Asubuhi

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mwanza hushangazwa na asubuhi ya Kigoma. Mji uko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zake ni zile zile za Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza karibu na saa moja na saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Amkeni saa kumi na moja, mkubaliane na nahodha kuondoka mara tu kunapopambazuka.

Mlo wa kwanza uwe mzito kuliko mlivyozoea. Chai ya tangawizi na andazi moja haitoshi kwa mtu atakayepanda mlima, na baada ya hapo hamtakula tena hadi mtakapotoka msituni. Supu na chapati mbili ndicho kifungua kinywa ninachokipendekeza. Kama mmoja wenu huchafukwa na tumbo majini, ale chapati kavu na kunywa tangawizi bila maziwa, kisha aketi nyuma ya boti ambako mtikisiko ni mdogo.

Njiani fuateni mwambao kwa macho. Mtaona vijiji vya wavuvi, dagaa walioanikwa juani, na vilima vilivyolimwa hadi kileleni. Kisha ghafla miti inaanza na mashamba yanakoma: hapo ndipo mpaka wa hifadhi, na tofauti hiyo ya rangi inaeleza kazi ya uhifadhi kuliko bango lolote.

Kasekela na msituni

Boti hutia nanga Kasekela, yalipo makao ya hifadhi. Eneo hili lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 14 Julai 1960, alishuka hapa Jane Goodall, msichana wa miaka 26 kutoka Uingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, akiwa pamoja na mama yake. Mwaka huo huo alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kulichomoa likiwa na mchwa, na tangu siku hiyo haikuwezekana tena kusema kwamba binadamu peke yake ndiye anayetumia zana. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti alioanzisha unaendelea, na Watanzania wamekuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa miongo mingi.

Acheni kikapu cha chakula ndani ya jengo, mahali mtakapoonyeshwa na askari, mlango ukiwa umefungwa. Nyani wa ufukweni wamezoea watu na wanajua hotpoti ni kitu gani. Msituni mchukue maji, barakoa, koti jepesi la mvua na kamera isiyowashwa mwanga. Vaeni suruali ndefu, viatu vya kufunga vyenye soli yenye meno, na nguo za rangi tulivu.

Anzeni na sokwe, kisha maporomoko ya maji, kwa maana sokwe huhama na maporomoko hayahami. Wafuatiliaji hutangulia msituni na kumjulisha mwongozaji wenu kundi liko wapi. Hapa ndipo wenza wengi hukwaruzana, na nataka nilieleze jambo hili kwa kirefu. Ardhi hupanda kutoka ufukweni, mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 1,500 kwenye ukingo wa juu. Watu wawili mara chache huwa na pumzi sawa. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba mwendo utakuwa wa yule aliye mzito, na kwamba yeye ndiye atakayetembea nyuma ya mwongozaji, huku mwepesi akifuata. Mwenye pumzi akitangulia, mwenzake atapanda mlima mzima akitazama mgongo unaopotea kwenye vichaka, na atafika kwa sokwe akiwa na hasira. Semeni mapema pia ni wakati gani mtarudi hata kama hamjaona kitu.

Mkiwapata, muda wa kukaa nao hauzidi saa moja. Msinyooshe mikono, msile, msichuchumae njiani mwao. Sokwe akija upande wenu, rudini nyuma taratibu na mumpishe. Muulizeni mwongozaji majina yao, kwa kuwa watoto hupewa majina yanayoanza na herufi ya jina la mama: Gremlin, kwa mfano, alizaa mapacha mwaka 1998, wakaitwa Golden na Glitter. Mtu akishajua nani ni mama wa nani, anachokiona mbele yake hubadilika kabisa. Kinakuwa familia inayopumzika, inayochambuana manyoya na kugombeza watoto.

Kisha shukeni kuelekea Maporomoko ya Kakombe. Maji huanguka kutoka urefu wa mita 25 hivi ndani ya korongo jembamba lenye kivuli, na hata wakati wa kiangazi ubaridi wake hupoza jasho. Sokwe madume huonekana nyakati nyingine wakicheza mbele ya maporomoko hayo, wakining'inia kwenye mimea itambaayo ya msituni na kurusha mawe, na watafiti wameandika kuhusu tabia hiyo bila kuimaliza. Kaeni hapo bila haraka. Kama kuna neno kubwa mlilokuja kuambiana, pete au ahadi au msamaha, hapa panafaa kuliko ufukweni, kwa sababu mwongozaji akiombwa kwa heshima husogea kando na sauti ya maji huwafunika.

Mlo wa mchana

Kulieni ndani ya jengo, wala msishawishiwe na ufukwe hata kama umetulia. Kateni kachumbari, kamueni ndimu juu ya samaki na mfungue wali. Baada ya saa nne au tano za kupanda na kushuka, migebuka waliokaangwa jana huwa na ladha ambayo hamtaipata mezani mjini. Maganda ya ndizi, miiba na mabaki yote yarudi kikapuni na kwenda Kigoma. Mabaki yaliyotupwa humfundisha nyani kuwavamia wageni wanaokuja kesho.

Mkitamani kuoga ziwani, mwulizeni askari kwanza. Maji ni maangavu kweli, lakini kichocho kipo katika baadhi ya sehemu za mwambao. Ondokeni ifikapo saa tisa alasiri, ili mkichelewa njiani bado kuwe na mwanga.

Jioni: dagaa kwa mawese

Jua la Kigoma huzama karibu na saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo mnao muda wa kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kuketi. Chagueni mahali panapotazama ziwa na mwagize chakula mapema, hata kwa simu mchana mkibahatika kupata mtandao, kwa sababu mlo wenyewe haupikwi kwa dakika kumi.

Mwagize dagaa wabichi kwa mawese na ugali wa muhogo. Mawese ndiyo mafuta ya Kigoma. Michikichi mtaiona hadi kwenye nyua za watu. Mpishi mzuri huyapasha kwa moto wa wastani, maana yakiungua hupoteza rangi na kuwa machungu, kisha huweka vitunguu, nyanya na nyanya chungu zilizokatwa vipande, na dagaa huingia mwisho kabisa ili wasivurugike. Pilipili na ndimu huja pembeni. Mle kwa mkono, kutoka sahani moja, ugali ukiwa wa moto. Ugali wa muhogo ukipoa hukaza. Mkikuta samaki wameadimika, maharage yaliyoungwa kwa mawese ni chakula kamili na si cha kujutia, na kisamvu hukifuata vizuri.

Kesho yake, kabla ya treni au ndege, rudini sokoni mkanunue dagaa wakavu wa nyumbani. Chagueni waliong'aa rangi ya fedha, wasio na mchanga na wasiovunjika vunjika, muonje mmoja kabla ya kulipa. Mawese myatie kwenye dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, mlivingirishe kwa kanga kuukuu na kulisimamisha wima kwenye mzigo, kwa kuwa doa lake halitoki kwenye nguo nyeupe. Wanaosafiri kwa ndege waulize kwanza kwenye shirika lao kama mafuta yanakubaliwa kwenye mizigo.